Kadi ya Mkono

Jumatatu, tarehe tatu Agosti. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakidondoka bila haraka, na mawingu yalikuwa yameshuka mpaka juu ya paa za nyumba. Nguo zilizofuliwa Jumamosi zilikuwa bado zinaning'inia sebuleni, zimegoma kukauka.

Chini ya nguo hizo alisimama Mjomba akifunga vifungo vya shati lake. Alianza na cha chini, akapanda kimoja kimoja, na kila alipomaliza kimoja alikipiga kofi dogo kama mtu anayemsifu mtoto.

"Mjomba, utachelewa!" alisema Kengele kutoka jikoni.

"Sichelewi. Saa haijagonga. Umegonga wewe."

Mama alicheka akiwa anafunika bakuli. Jina la Kengele alikuwa amelitoa Mjomba mwenyewe. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili ndiye aliyeamsha nyumba nzima kila siku kwa sauti yake, na hakuna habari iliyowahi kukaa mdomoni mwake zaidi ya dakika tano.

Mjomba alikuwa mdogo wake Mama, mwanamume wa miaka thelathini na minne. Alizaliwa na ulemavu wa ukuaji, maana yake akili yake hujifunza polepole, hatua moja baada ya nyingine. Maelezo mengi kwa mpigo humchanganya. Miaka miwili kabla ya hapo aliwahi kupata kazi kwenye ghala la duka. Alipewa maagizo kumi kwa dakika moja, akaachwa peke yake, na siku ya tatu akarudi nyumbani na barua ya kuachishwa kazi ambayo hakutaka kuiona tena. Aliikunja, akaiweka chini ya godoro, na kwa miezi mingi hakutaka kutoka nje.

Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Alikuwa kwenye majaribio ya miezi miwili katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, na alikuwa na Mwalimu wa Kazi, mama mmoja mtaratibu ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu kama Mjomba wakiwa palepale kazini. Ijumaa ya wiki hiyo majaribio yangekwisha. Akifaulu, angeajiriwa na kupewa aproni ya kijani kama wafanyakazi wengine.

Karibu na mlango, Mjomba alikuwa amepigilia msumari ukutani. Msumari ulikuwa mtupu.

"Usitundike mwavuli hapo," alimwambia Kengele akitoka. "Hapo pana mwenyewe."

* * *

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo ilikuwa zamu ya Kengele kumpelekea Mjomba chakula kila ilipokaribia saa nne. Siku hiyo alifika akiwa na matone ya mvua kichwani, akasimama mlangoni.

Chumba kilikuwa kirefu, chenye joto na harufu ya sabuni. Upande mmoja mashine zilizungusha nguo zikinguruma. Katikati kulikuwa na meza pana, na juu ya meza ilipita kamba yenye kadi saba zilizobanwa kwa vibanio vya nguo. Kila kadi ilikuwa na picha. Ya kwanza ilionyesha kikapu: chukua shuka. Ya pili ilionyesha meza: tandaza. Ya tatu ilionyesha mkono: papasa, uone kama limekauka. Shuka likiwa bichi, lirudi kwenye kikapu cha bluu. Likiwa kavu, zinafuata kadi tatu za kukunja, na ya mwisho ilikuwa rafu.

Mjomba aligusa kadi, akafanya, akagusa inayofuata. Alipofika kwenye mkono alipunguza mwendo. Alipapasa shuka kutoka kona hadi kona, akirudia mapindo mara mbili, macho yake yakiwa mbali kama mtu anayesikiliza.

"Bwana mkubwa!" alipaza sauti kijana wa pasi, ambaye wenzake walimwita Mvuke. "Hilo ni shuka au mchumba? Mbona unalibembeleza hivyo?"

"Mchumba wangu ni mkavu," alijibu Mjomba bila kuinua kichwa. "Wako anatoka moshi."

Mvuke alishtuka, akainua pasi haraka. Chumba kizima kilicheka, naye akacheka kuliko wote.

Lakini Kengele hakucheka. Alikuwa amemwona Msimamizi, mama mnene mwenye miwani, akipita na daftari lake. Msimamizi aliangalia rafu ya Mjomba, akaandika, kisha akamwambia mkunjaji mmoja, "Thelathini na moja mpaka sasa. Wewe umefikisha arobaini na mbili."

Maneno hayo yalimwingia Kengele kama mchanga kwenye kiatu. Akatembea nayo mpaka nyumbani.

* * *

Kila jioni Mjomba alirudi na kadi zake katika mfuko wa plastiki, akafanya mazoezi kwa mashuka ya nyumbani. Mama husema mashuka ya nyumba hiyo yalikunjwa mpaka yakachoka.

Jumanne Mjomba alipokuwa akioga, Kengele alizipanga kadi mezani. Alichukua saa ya Mama, akakunja shuka kwa kufuata kadi zote saba, akapima muda. Kisha akakunja jingine bila kupapasa. Tofauti ilikuwa kubwa. Akapiga hesabu: bila kadi ya mkono Mjomba angepita arobaini bila shida.

Usiku uliotangulia alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda na kumwomba Mungu amsaidie Mjomba apate ile aproni. Aliomba kwa moyo wote. Kosa lake ni kwamba hakusubiri jibu. Aliona ni heri amsaidie Mungu kidogo. Akaichukua kadi ya mkono, akaificha ndani ya kitabu cha hisabati, akazisogeza zile sita nyingine zisiache pengo.

Mjomba alipotoka kuoga alizihesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Mkono uko wapi?"

Kengele alihisi masikio yanapata moto. "Mwalimu amesema uondolewe," alisema. "Amesema mashine zinakausha vizuri siku hizi. Hakuna kupapasa tena."

"Mwalimu amesema?"

"Amesema. Alinipa mimi ujumbe nilipokuletea chakula leo."

Mjomba akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu Kengele hakuwahi kumdanganya.

* * *

Jumatano Mwalimu hakuwepo. Alikuwa sasa akija Jumanne na Alhamisi tu. Saa nne Kengele alipofika, Mvuke alimpokea kwa makofi.

"Njoo uone! Mjomba wako amekula mafuta ya mashine leo. Arobaini na nne!"

Kengele alitabasamu, lakini tabasamu halikukaa. Aliona kila Mjomba alipotandaza shuka, mkono wake wa kulia ulinyanyuka wenyewe, ukashuka kuelekea kwenye kitambaa. Naye aliukamata kwa mkono wa kushoto, akaurudisha, akaendelea kukunja. Alifanya hivyo kila shuka. Hakuwa akitania na mtu. Nje manyunyu yalikuwa bado yananyesha.

"Mjomba, umechoka?"

"Mikono imechoka," alisema. "Inakatazwa kazi yake."

Kengele aliweka bakuli mezani, akaondoka haraka.

* * *

Alhamisi alipofika mlangoni alisikia sauti kabla hajaona watu. Muuguzi mmoja wa kike alikuwa amesimama kando ya toroli lililojaa mashuka.

"Ishirini na matatu," alisema. "Yote mabichi kwenye mapindo, na yameanza kunuka. Bibi mmoja aliyefanyiwa upasuaji ametetemeka mpaka alfajiri, tukadhani ni homa. Kumbe ni shuka!"

Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alivuta shuka moja, kisha akaangalia lebo ya toroli iliyoonyesha mashuka yalitoka rafu gani. Ilikuwa rafu ya Mjomba.

"Hukupapasa?" alimuuliza.

"Sikupapasa," alijibu Mjomba.

"Kwa nini?"

"Mwalimu alisema tusipapase."

Mwalimu wa Kazi, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, alikuwa amesimama karibu na mlango. Akashangaa. "Mimi? Kaka yangu, mimi sikusema hivyo hata siku moja."

Mashine moja ilimaliza kuzunguka, ikalia, na hakuna aliyeenda kuizima.

"Labda amechanganya," alinong'ona mkunjaji mmoja.

"Sichanganyi," alisema Mjomba. "Niliambiwa."

"Uliambiwa na nani?" Msimamizi aliuliza.

Mjomba aligeuka, akamwona Kengele mlangoni na bakuli mkononi. Alimtazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akainamisha kichwa na kutazama viatu vyake.

"Kaa pembeni kwa leo," alisema Msimamizi kwa upole wa kukatisha tamaa. "Kuhusu kesho, sijui. Nitalazimika kufikiri."

Kengele, aliyekuwa na sauti ya kuamsha nyumba nzima, alitafuta sauti yake asiipate. Alirudi nyuma hadi nje, akasimama penye kamba tupu za kuanikia, mvua ikimlowesha. Angeweza kwenda nyumbani. Hakuna aliyemjua mkosaji isipokuwa Mjomba, na Mjomba alikuwa amefunga mdomo kwa ajili yake. Aliona mbele ya macho yake ule msumari mtupu uliokuwa ukiingoja aproni. Aliona barua chini ya godoro, na sasa ya pili juu yake.

"Ee Mungu," alisema, "majuzi nilikuomba aproni. Leo nipe sauti tu."

Kisha akakimbia. Alikimbia hadi nyumbani, akachomoa kadi kwenye kitabu cha hisabati, akaiweka kifuani ndani ya sweta isilowe, akakimbia tena kurudi. Alipoingia alikuwa ameloa chapachapa, na viatu vyake viliacha maji njia nzima mpaka kwenye meza. Akaiweka kadi mbele ya watu wote.

"Ni mimi," alisema. "Mjomba hakuchanganya kitu. Mimi ndiye niliyeitoa, nikamwambia Mwalimu amesema. Nilidanganya. Nilisikia thelathini na moja, nikaogopa mtamkataa kwa sababu ni mzito."

Mjomba alisimama kutoka kwenye kiti chake cha pembeni. Aliichukua kadi, akaipangusa kwa shati lake mbele na nyuma, akasogeza vibanio na kuibana mahali pake, ya tatu kutoka kushoto. Ndipo akageuka.

"Ulinidanganya, Kengele."

"Ndiyo, Mjomba. Nisamehe."

"Nimekasirika."

"Najua, Mjomba."

"Hujui. Nimekasirika sana." Akavuta pumzi. "Bibi ametetemeka. Na wamesema nachanganya. Mimi nilijua shuka ni bichi. Mkono ulijua. Mimi nikaukataza mkono, kwa sababu ulisema wewe."

Machozi yalimtoka Kengele. Hakuyaficha.

Msimamizi alivuta kiti akakaa, kitu ambacho wafanyakazi hawakuwa wamekiona kwa muda mrefu. "Njoo hapa, binti," alisema. "Unajua kwa nini naandika hesabu za kila mtu? Ili nijue nimletee nani kikapu kingine. Wakunjaji wa haraka ninao. Huyu Mvuke akiamua, anakunja mpaka meza. Lakini kabla mjomba wako hajaja, kila wiki wadi zilikuwa zinanirudishia mashuka mabichi. Kila wiki! Tangu amekuja, halijarudi hata moja mpaka leo. Uliona polepole yake ukadhani ni aibu. Mimi hiyo polepole ndiyo niliyokuwa naitaka."

Kengele alifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Mwalimu wa Kazi alimshika bega na kumwonyesha sakafuni. Kulikuwa na mistari mitano ya rangi nyeupe, wa kwanza karibu na meza, wa mwisho mlangoni.

"Wiki ya kwanza nilisimama hapa, ubavuni kwake," alisema. "Alipoweza, nikarudi nyuma mpaka mstari wa pili. Akaweza, nikarudi tena. Kila hatua nilimuuliza kwanza: niko tayari kurudi, wewe uko tayari nirudi? Siku nyingine alisema bado, nikabaki. Sasa nasimama mlangoni, na kesho nitasimama nje. Wewe unampenda mjomba wako, hilo naliona. Ila ulimwamulia jambo lake bila kumuuliza, tena kwa uongo. Mtu anayejifunza polepole huamini sana anachoambiwa na watu wake. Ukimdanganya, umemnyang'anya ngazi akiwa juu. Anayetaka kusaidia humuuliza mwenyewe, humwambia ukweli, kisha humwachia nafasi afanye. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Vizuri. Na leo umefanya jambo gumu. Ungeweza kubaki nyumbani."

"Sawa," alisema Msimamizi akisimama. "Sasa mashuka ishirini na matatu hayatajipapasa. Bwana mkubwa, umepata mwanafunzi. Mfundishe."

Mjomba alichukua taulo, akampa Kengele. "Kausha mikono kwanza," alisema.

Kengele alikausha mikono, akaweka kiganja juu ya shuka.

"Siyo hivyo. Kiganja kina jasho, kinadanganya." Akaugeuza mkono wake. "Tumia mgongo wa mkono. Na uanze kwenye pindo. Katikati hukauka mapema, pindo huchelewa."

"Nani alikufundisha hivyo?" aliuliza Mwalimu, kwa maana kwenye kadi alikuwa amechora kiganja.

"Shuka," alisema Mjomba.

Mwalimu alitoa kalamu mfukoni, akaenda kwenye kadi ya tatu na kuchora upya mkono ukiwa umegeuzwa.

Walipomaliza, Kengele alimfuata muuguzi hadi wadini akiwa amebeba shuka kavu. Alimwamkia yule bibi, akamweleza kila kitu na kumwomba radhi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu," alisema. "Ila nilidhani wamenilaza mtoni."

* * *

Ijumaa jua lilichomoza. Msimamizi alisimama karibu na meza tangu saa mbili, Mwalimu akiwa nje ya mlango, mbali kabisa na mistari yake. Mjomba aligusa kadi, akafanya kazi. Kwenye mkono alipunguza mwendo, wala hakuna aliyemharakisha. Kati ya mashuka aliyoshika, matano aliyarudisha kwenye kikapu cha bluu. Msimamizi aliyapapasa yote matano, akatikisa kichwa kukubali. Saa nne ilipofika, rafu ilikuwa na mashuka thelathini na mawili.

"Umeniongezea moja," alisema Msimamizi. "Zimeni mashine."

Chumba hicho kilikuwa na desturi yake. Anayeajiriwa husimama penye meza, akaweka mikono juu ya shuka safi, na kutoa ahadi yake kwa maneno yake mwenyewe, wenzake wote wakisikia. Na lazima awe na shahidi mmoja kutoka nyumbani.

Mama alikuwa amekuja kwa ajili hiyo, akiwa amevaa kitenge chake kizuri. Alianza kusogea mbele, lakini Mjomba alimzuia kwa mkono.

"Dada, subiri. Nimechagua."

"Shahidi wako ni nani?" aliuliza Msimamizi.

"Huyu." Mjomba alimwonyesha Kengele. "Aliyetoa kadi."

Mvuke aliangua kicheko, kisha akanyamaza alipoona uso wa Kengele.

"Mjomba," Kengele alinong'ona, "bado umekasirika?"

"Kidogo. Itaisha." Akamsogezea nafasi mezani. "Aliyekimbia kwenye mvua kurudisha kadi, huyo ataniambia ukweli nikikosea. Simama hapa."

Kengele alisimama ubavuni kwake. Kimoyomoyo alimshukuru Mungu, mara hii bila kumwongezea chochote. Mjomba aliweka mikono yake miwili juu ya shuka, migongo chini, akalisikiliza kwanza. Lilikuwa kavu. Msimamizi alishika aproni ya kijani, tayari.

"Haya, bwana mkubwa. Ahadi yako."

Mjomba alikohoa. Akawatazama mmoja mmoja: Mama, Mwalimu mlangoni, Mvuke na wakunjaji wote, na mwisho Kengele.

"Naahidi," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye kona za chumba, "nitapapasa kila shuka. Nikichelewa, nimechelewa. Lakini hatalala mgonjwa kwenye shuka bichi lililopita mkononi mwangu."